SHAMBA LA BABU: ARDHI, NDOA NA URITHI WA WARUNDI TANGU 1972

Kipindi cha Alhamisi jioni. Nakala ya kusomwa, ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo na ya vikundi vya wasikilizaji.

[Muziki wa kufungulia. Unapanda, halafu unashuka.]

  Uliyeko kwenye foleni ya maji na redio mfukoni, habari zako. Uliyeko jikoni unapuliza kuni mbichi, pole na kazi.

Wiki iliyopita tulifungua sanduku la maswali. Kulikuwa na karatasi moja imekunjwa mara nne. Aliyeandika hakutaja jina wala zoni yake, na sisi hatutamtafuta. Ameuliza hivi: Baba yetu amefariki hapa kambini. Kule Burundi ana shamba. Hakuacha mtoto wa kiume, sisi ni mabinti watatu. Baba mdogo anasema shamba ni la ukoo na sisi tutaolewa. Je, hatuna chetu?

Jibu ni refu. Ukitaka kulielewa lazima ujue tulikotoka, maana sheria ya ardhi kwetu haikuandikwa siku moja. Imepita katika vita, kukimbia, kurudi na kukimbia tena. Kwa hiyo leo nitasimulia historia. Nitaisimulia kwa njia ya shamba moja, la babu yangu, kwa sababu hilo ndilo ninalolijua.

[Muziki mfupi.]

Tuanze na neno itongo. Mrundi akisema itongo hasemi ardhi tupu. Anasema mahali walipozikwa wakubwa wake, migomba ya mama yake, na jina lake mbele ya majirani. Zamani hapakuwa na hati. Mpaka wa shamba ulikuwa mti, mfereji au jiwe, na shahidi alikuwa jirani. Mkigombana, mlikwenda kwa Abashingantahe, wazee wa kilima walioaminika kwa ukweli. Baba alipokufa, ardhi waligawana watoto wa kiume. Binti alikwenda kula kwa mume wake. Lakini hakutoka mikono mitupu kabisa. Kulikuwa na kitu kinaitwa igiseke, kipande alichopewa binti alime na avune. Asili ya neno ni kikapu. Kipande kile alikitumia tu, hakikuwa chake cha kuuza wala cha kurithisha.

Shikeni neno hilo, igiseke. Tutalirudia.

Babu yangu alikuwa na shamba karibu na Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Ni nchi ya joto, ya michikichi na dagaa. Mwishoni mwa Aprili 1972 fujo zilianzia upande ule wa kusini, watu wakauawa. Kisha kikafuata kisasi cha serikali ya Micombero nchi nzima, kwa miezi. Hiki si kipindi cha kuhesabu wafu, na hapa kambini tunasikiliza pamoja, watu waliofiwa kwa njia tofauti. Nasema tu kwamba waliokufa ni wengi mno, na maelfu kwa maelfu walivuka mpaka. Babu na bibi walivuka ziwa usiku na mtoto mmoja mgongoni. Bibi aliniambia alifunga mlango na ufunguo akauchukua. Ufunguo ule nimeuona kwa macho yangu. Nyumba yenyewe sijawahi kuiona, maana ilikuwa imebomolewa muda mrefu.

Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 makazi matatu makubwa: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walipewa mashamba, wakafyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Babu amezikwa Mishamo. Baba yangu alikulia huko, na mimi nilizaliwa huko mwaka 1999.

[Muziki mfupi.]

Je, shamba la Rumonge lilikuwaje wakati huo?

Ardhi haikai bure, hasa ardhi ya michikichi. Majirani walichukua sehemu. Sehemu nyingine iligawiwa na wakuu wa serikali kwa watu waliotoka milimani. Baadaye serikali ilianzisha mradi mkubwa wa michikichi Rumonge na kupanga mashamba upya. Waliopewa wengi hawakuiba. Walipewa na mwenye mamlaka, wakalipa kodi, wakazaa, wakazika.

Mwaka 1976 Bagaza alichukua madaraka. Mwaka 1977 ilitoka amri ya kufuta ubugererwa, ule mpango wa zamani ambapo mtu maskini alilima ardhi ya tajiri na kumlipa kwa mazao na kazi. Kwa maskini wengi lilikuwa jambo jema. Aliyekuwa mpangaji akawa mwenye ardhi.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya 1986. Hapa sikilizeni vizuri. Sheria ile ilisema mtu akikaa kwenye ardhi miaka 30 bila kupingwa, ardhi inaweza kuwa yake. Kama aliipata kwa nia njema, miaka 15 inatosha. Nchi nyingi zina kanuni ya namna hiyo, na sababu yake inaeleweka: kesi zisiwe za milele.

Sasa fanyeni hesabu. Toka 1972, ongeza 30. Unapata 2002. Watu waliokimbia 1972 walikuwa bado Tanzania mwaka 2002. Hawakuweza kwenda kupinga, na mkimbizi hapeleki barua ya mashtaka kwa serikali aliyoikimbia. Kwa hiyo kwa kitabu cha 1986, babu alikuwa ameshapoteza shamba lake, na hakuna aliyemwambia.

[Muziki mfupi.]

Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, miezi michache baada ya kuchaguliwa. Vita ikaanza. Wengine wakakimbia nje, wengine wakahamishiwa kwenye kambi ndani ya nchi. Mazungumzo yalifanyika Arusha, kwanza chini ya Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake mwaka 1999, chini ya Mzee Mandela. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Watu wanaukumbuka Mkataba wa Arusha kwa mambo ya madaraka, nani apate viti vingapi. Lakini ndani yake kuna sehemu ya wakimbizi na ardhi. Sehemu hiyo inasema mkimbizi lazima aweze kurudishiwa mali yake, hasa ardhi. Ikishindikana kabisa kurudishiwa, alipwe fidia ya haki. Kwa lugha nyingine, Arusha ilisema hesabu ya miaka 30 isitumike kumfungia mlango mtu aliyefukuzwa kwa mtutu wa bunduki.

Mambo mawili sasa yalikuwa yanagongana. Upande mmoja kitabu cha 1986, upande mwingine ahadi ya Arusha. Na katikati yao, familia mbili juu ya shamba moja.

Mwaka 2006 iliundwa tume ya kushughulikia ardhi na mali nyingine. Wengi tunaijua kwa herufi zake, CNTB. Kuanzia 2008 Warundi wa 1972 walipewa nafasi ya kuchagua: kurudi, au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi waliomba uraia, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Wachache walirudi. Sisi tulikuwa kati ya wachache. Bibi alisema amezeeka, anataka kuzikwa kwao.

[Muziki mfupi.]

Nilikuwa na miaka 9. Nakumbuka turubai, nakumbuka sabuni tuliyopewa. Wakati ule Rumonge ilikuwa bado komini ya mkoa wa Bururi. Tulipofika kwenye shamba, alitoka mzee mmoja na mke wake, watoto na wajukuu. Alikuwa na karatasi yenye mhuri. Bibi alikuwa na ufunguo.

Hawakupigana. Walisalimiana, na mke wa yule mzee akatuletea maji ya kunywa. Bibi alimwonyesha baba mahali palipokuwa na kisima, na yule mzee akasema ni kweli, kisima nilikikuta. Maneno hayo yalikuja kuwa ushahidi.

Tume katika miaka ile ilikuwa inahimiza watu wagawane. Kwetu waliita majirani wazee, wakauliza mti wa mpaka uko wapi, nani alilima hapa kabla ya 1972. Mwisho shamba likakatwa katikati. Michikichi ya upande wetu ikawa yetu, ya upande wao ikawa yao. Baba aliweka saini, yule mzee akaweka dole gumba. Sisi tulijenga nyumba ya tofali mbichi na kuanza kulima mihogo.

Haikuwa haki kamili. Bibi alisema, nimepata nusu ya changu. Na yule mzee naye alisema, nimepoteza nusu ya changu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Si kila mrudi alipata hata nusu. Wako ambao hawakujua kilima cha wazazi wao, na wako waliokuta majengo ya serikali juu ya shamba. Hao walipelekwa kwenye vijiji vya amani, nyumba zimepangwa mstari, mashamba mbali au hakuna.

Baada ya 2011 tume ilibadili msimamo. Sasa ilielekea kumrudishia mkimbizi shamba lote, na baadhi ya mapatano ya zamani yakafunguliwa upya. Wapo waliofurahi, wapo waliotolewa nje pamoja na vyombo vyao. Hasira ikawa nyingi. Mwaka 2014 ikaanzishwa mahakama maalumu ya ardhi ya kusikiliza rufaa za maamuzi ya tume.

Kwetu nyumbani maneno yaliingia. Baba mdogo alimwambia baba: kaka, twende tudai lote, sasa sheria iko upande wetu. Walibishana usiku kucha, mimi nasikiliza kutoka chumba cha pili. Asubuhi bibi akawaita. Akasema, wajukuu wa yule mzee wamezaliwa pale kama ninyi mlivyokulia Mishamo, mkiwatoa watakwenda wapi, na wakirudi kudai watakuja na nini? Baba hakwenda kudai. Baba mdogo hakuridhika mpaka leo, na simlaumu. Na yeye ana watoto.

Aprili 2015 tukakimbia tena. Tulipita Kagunga, pale ufukweni, watu wamebanana, kipindupindu kimeingia. Meli ya MV Liemba ilitubeba mpaka Kigoma. Wengi mnaonisikiliza mlikuwa pale. Bibi hakufika kambini. Na mwaka 2022 muda wa tume ile ukaisha.

[Muziki mfupi.]

Sasa nirudi kwa dada aliyeandika swali.

Katika historia yote hii niliyosimulia, umesikia baba, babu, mzee, baba mdogo. Umesikia bibi akisema, lakini hukusikia bibi akitia saini. Shangazi zangu wawili walikuwa pale siku shamba linakatwa. Walipika. Hakuna aliyewauliza.

Kwa nini? Kwa sababu Burundi ina Sheria ya Watu na Familia, iliyorekebishwa mwaka 1993, lakini sheria ya urithi iliyoandikwa haikuwepo. Mswada uliandaliwa na kujadiliwa miaka mingi. Wapinzani wake walisema nchi ni ndogo, watu ni wengi, mabinti wakirithi mashamba yatakatwa vipande kama nguo. Mpaka tunakimbia 2015 mswada haukuwa sheria. Kwa hiyo urithi wa ardhi ulibaki kwenye mila, na mila mmeshaisikia.

Lakini dada, mambo hayakuishia hapo. Burundi iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1992. Katiba ya 2005 ilisema raia wote ni sawa na mtu asibaguliwe kwa jinsia. Kwa sababu hiyo ziko kesi ambazo mahakama iliwapa mabinti ardhi ya baba yao, hasa pale marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Matokeo si ya lazima, inategemea hakimu na ushahidi. Lakini anayekuambia kwamba hakuna hata mlango mmoja, anakudanganya au hajui.

Mama zetu wajane nao waelewe. Kwa mila, mjane anaendelea kukaa na kulima shamba la mume wake, na si haki kumfukuza. Ila lazima aonyeshe kwamba alikuwa mke. Sheria ya Burundi inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya etasivili. Harusi ya kanisani, ya msikitini au ya mahari peke yake haitoshi mbele ya hakimu. Sheria ile ile iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 21 kwa mwanaume na 18 kwa mwanamke, na ikakataza mitala. Mwaka 2017 serikali iliwataka wote wanaoishi pamoja bila ndoa waandikishe kabla mwaka haujaisha. Sisi tulikuwa tayari huku. Wengi wetu tumeoana huku, kwa baraka za wazazi na soda mbili. Watoto ni halali mbele ya Mungu na mbele yetu, lakini siku ya urithi ataulizwa karatasi.

Ndugu zetu Wakongo mnaonisikiliza, kwenu ni tofauti. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 iliwapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, wa kiume na wa kike sawasawa. Tutaifanyia kipindi chake. Kwa leo nawaomba msichanganye: jirani yako Mkongo akikueleza haki ya binti yake, anasema kweli, lakini ni ya kwao.

[Muziki mfupi.]

Historia hii inatufundisha nini sisi wa kambini? Nitasema manne.

Kwanza, miaka inahesabiwa. Babu hakujua kwamba saa inatembea. Sisi tulitoka 2015. Sheria ya Ardhi ilirekebishwa mwaka 2011, na ikaleta ofisi za ardhi katika komini zinazoweza kutoa cheti. Maana yake ni kwamba mtu aliyebaki anaweza kuandikisha wakati wewe uko hapa. Kama una ndugu kule unayemwamini, aulize kwenye komini shamba lenu limeandikwaje.

Pili, andika leo unachokijua. Chukua daftari la mtoto. Andika kilima, komini, majirani wanne wa pande nne, mti au mto wa mpaka, nani alinunua kwa nani na mbele ya mashahidi gani. Kisima cha bibi kilitusaidia kuliko maneno mia. Wazee wanaojua mipaka wanakufa hapa hapa, na mipaka wanazikwa nayo.

Tatu, tunza karatasi. Tangazo la kuzaliwa kwa mtoto, cheti cha kifo, ndoa, kadi ya familia. Zitie kwenye nailoni, maji ya mvua yasiingie. Jina liandikwe vilevile kila mahali. Jina likikosewa herufi kwenye kadi, nenda likarekebishwe sasa, usingoje safari.

Nne, familia ikae wakati watu wako hai. Hapa nitasema langu, halafu nifunge.

Baba yangu alifariki hapa kambini. Tuko watoto wanne, mvulana mmoja. Kaka anafikiria kurudi, amejiandikisha. Nilimwuliza, ukifika, mimi na dada zetu tuna nini? Akasema, igiseke chenu kipo, nani atawanyima? Nikamwambia, kaka, naamini neno lako, lakini wewe ukifa neno linazikwa nawe. Tuandike. Alinyamaza. Baba mdogo akasema mtoto wa redio ameharibika.

Wiki mbili zilipita hatusemeshani vizuri. Kisha shangazi yangu mkubwa, mmoja wa wale waliokuwa wanapika siku ile, alikuja na daftari amelinunua yeye mwenyewe. Akasema hataki ardhi, amezeeka, anataka tu aandikwe kwamba alikuwepo, kwamba ni mtoto wa mzee yule. Kaka alilia. Tumekubaliana kukaa Jumapili, na tumewaomba wazee wawili wa zoni waje kuwa mashahidi. Karatasi bado haijaandikwa. Sijui baba mdogo atakuja au hatakuja.

Karatasi ya familia haishindi hukumu ya mahakama, sitaki nikudanganye. Lakini siku familia mbili zitakaposimama juu ya shamba moja, au ndugu wawili, anayekuja na maandishi na mashahidi anasikilizwa.

Kwa hiyo dada uliyeandika, usimtukane baba yako mdogo. Mwite mbele ya wazee, mwulize kwa heshima anajua nini kuhusu mipaka, na uandike anachojibu. Kisha nenda na dada zako kwenye meza ya msaada wa sheria, mpeleke cheti cha kifo cha baba na vyeti vyenu. Mimi si wakili, nimesoma sekondari tu. Pale wapo waliosomea, na hawadai hela. Atakayekudai hela, ondoka, uje utuambie.

Wiki ijayo tutajibu swali la kijana aliyefanya kazi ya kufyatua matofali miezi miwili bila kulipwa. Sanduku liko mlangoni pa studio na kwenye ubao wa kila zoni. Asiyejua kuandika aje, tutamwandikia, na jina lake halitasomwa.

Ni mimi mtangazaji wenu. Mulale amahoro.

[Muziki wa kufungia.]